Pua ya Kuazima

4 Machi

Daftari hili nimepewa na Mpishi leo saa nne asubuhi, pamoja na sharti: niandike nilichonusa na nilichoonja, nisiandike kingine. Sharti limevunjika kabla wino haujakauka. Mtu kama mimi huwezi kumpa kurasa mia mbili tupu ukategemea atanyamaza.

Kwa atakayeliokota: mimi ni muosha mapipa katika kiwanda kidogo cha bia, nyuma ya gereji ya malori. Nyumbani naitwa Baba Pacha. Kazini wananiita Sharubu, na ukiniona hutauliza kwa nini. Nimezifuga miaka kumi na tisa, nazipaka mafuta kila asubuhi, na ncha zake zinatazama juu kama zinaomba ruhusa ya kuruka. Shule niliishia darasa la sita. Dunia lakini nimeisoma mpaka jalada la nyuma. Nimesimama kaunta za hoteli katika nchi nne, nimewamiminia bia mabalozi na wezi, na mara mbili alikuwa mtu yuleyule.

Yaliyotokea ni haya. Asubuhi tulifungua gunia la hopi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Yakiwa mazima yananukia maganda ya machungwa. Mpishi akachota, akasugua viganjani, akavuta pumzi, akasema ni nzuri, zipelekwe jikoni. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale na ndoo mkononi, na machozi yalikuwa yananilenga. Lile gunia lilikuwa limezeeka. Lilinuka soksi za askari aliyerudi vitani kwa miguu. Nikacheka, nikijua ananitania. Hakucheka. Akafunga mlango wa stoo, akakaa juu ya kreti.

"Tangu ile homa ya mwaka jana sinusi kitu, kaka," akasema. "Hata kitunguu kikiungua sijui, mpaka nione moshi."

Hajamwambia mtu. Mpishi wa bia asiyenusa ni sawa na kinyozi asiye na mikono, nani atampa kichwa? Na mwaka huu ndio mbaya zaidi. Bosi anataka bia moja tu ya kuuzia hoteli kubwa, bia ya mtindo wa Kibelgiji, rangi ya dhahabu, yenye hopi nyingi. Sisi tunaiita Mbelgiji. Mvua zikiisha kabla Bosi hajaipata, chumba cha kupikia kitageuzwa cha kujazia maji ya kunywa, na Mpishi atafungashiwa virago. Ameyajenga yale masufuria tangu yakiwa mawili.

Akaniomba nimwazime pua. Nikamwambia amebisha mlango wa mwenyewe: pua hii ilishawahi kumkamata mwizi wa sabuni hotelini kwa kupita tu karibu yake. Akanipa daftari.

6 Machi

Mvua imeanza. Paa la stoo linavuja sehemu tatu. Mapipa ishirini na mawili.

9 Machi

Tumepika tangi la kwanza la Mbelgiji. Kimea, yaani shayiri iliyochipuzwa na kukaushwa, kilipoingia kwenye maji ya moto, chumba kizima kilinukia mkate unaotoka tanuri. Nikamwambia Mpishi. Akafumba macho, akasema, "Eeh. Upande wa ganda au upande wa ndani?" Sikujua mkate una pande za harufu. Nikanusa tena. Upande wa ganda.

Jioni aliweka hamira, ile iliyotoka Ubelgiji kwenye pakiti ndogo kama ya chumvi. Akanieleza kama mtu anayemtambulisha mkwe. Hamira hii haipendi baridi. Ukiipa joto inaimba, inatoa matunda, inatoa viungo. Ukiinyima joto inanyamaza kimya, inakupa pombe tu, bila neno.

Niliwahi kumhurumia Mpishi, mama huyu, siku nne nzima. Leo nimepunguza.

14 Machi

Mvua. Dereva wa kiwanda amesema Mpishi siku hizi ananifuata kama kifaranga, kuna nini. Nikamwambia ni uzuri wangu.

20 Machi

Nimefundishwa kuonja. Mimi, niliyekunywa miaka thelathini.

Kwanza unatazama. Kisha unanusa mara mbili fupi, unapumzika, unanusa tena. Kisha unaonja kidogo, unazungusha, unameza. Kisha unasubiri, na hapo ndipo kazi ilipo, maana bia nzuri inaendelea kusema baada ya kuondoka. Glasi haioshwi kwa sabuni, maana sabuni inaua povu. Kitunguu marufuku, sigara marufuku, kahawa marufuku mpaka saa sita.

Mpishi alinimiminia kutoka tangi la kwanza, akakaa na kalamu. "Sema."

Nikanusa. Nikasema karafuu. Akauliza nyingi? Nikanusa tena, nikasema tele, karafuu imekaa mbele ya wote kama mjomba kwenye harusi. Akaandika. Hakufurahi. Kidogo ya karafuu ni ya hamira hiyo, akasema, lakini ikizidi inamfukuza mnywaji.

27 Machi

Karafuu bado. Nimemwambia kwa ujasiri wote. Mtaalamu hababaiki.

2 Aprili

Mapipa thelathini. Mgongo.

8 Aprili

Tumefungua chupa ya kwanza ya tangi lile. Povu zuri, rangi nzuri, nikaweka pua, nikasema karafuu kwa mara ya tatu. Mpishi akafunika kalamu yake. Akasema basi, hii haionyeshwi kwa Bosi, imwagwe, tutapika nyingine na tutaiweka hamira kwenye baridi mpaka inyamaze.

Nimemwaga mimi mwenyewe, chupa mia tatu na sitini, kwenye mtaro wa nyuma, na mvua ikanisaidia kuisukuma. Nikabakisha sita nikapeleka nyumbani. Hata dhambi ina mipaka.

Mpishi alisimama mlangoni akitazama. Nilimwambia asijali, pua iko kazini.

10 Aprili

Tangi la pili. Baridi, kama alivyosema. Aliweka mkono juu ya chuma kile kwa muda mrefu, kama anayemwomba mtu radhi.

18 Aprili

Karafuu imepungua lakini ipo. Nilimwambia ashushe joto zaidi kidogo. Akashusha.

24 Aprili

Siku mbaya.

Bosi aliingia jikoni na viatu vyake vyenye tope, akataka kuonja tangi la pili palepale. Bosi ni mtu mwembamba anayetembea kama aliyesahau kitu nyumbani. Siku zote nilimwona mchoyo. Leo nilimwangalia akishika glasi kwa mikono miwili, nikaona anatamani iwe nzuri. Alikunywa, akangoja. Akanywa tena.

"Hapa hakuna kitu," akasema. Hakupaza sauti. "Maji yaliyooshewa glasi ya bia."

Mpishi akajitetea kidogo, akataja joto, akataja hamira. Bosi akasema mwisho wa mwezi wa tano kuna mama mwenye hoteli anakuja, ulimi wake unajulikana, haununuliki. Akionja kitu kizuri, tumepona. Asipoonja, vibomba vya maji vimeshaagizwa.

Alipotoka, Mpishi akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli bia ile haina kitu. Nikanusa. Nikamwambia Bosi hana pua, mbona karafuu naipata vizuri tu. Akanitazama hivi. Mtu anayekuamini anakutazama kwa namna ambayo ni afadhali akutukane.

25 Aprili

Nyani haoni kundule. Leo nimeliona, na ni kubwa.

Nilirudi mchana, mvua imetufungia kazi. Mama Pacha alikuwa anachambua mchele. Nikataka kumwonyesha mumewe ni nani. Nikamweleza mtihani wa glasi tatu: mbili bia moja, ya tatu tofauti, mwonjaji anafumba macho na kuichomoa ile tofauti. Nikamwambia aniandalie, nigeuke ukutani, aone ufundi. Alichukua muda wake. Nikasikia akicheka peke yake, nikadhani ananisifu.

Nikafumba macho, nikanusa ya kwanza. Nikanusa ya pili. Nikamwambia, bila wasiwasi, hii ya katikati, karafuu imezidi.

Mama Pacha akakaa chini sakafuni, mchele ukamwagika. Alicheka mpaka akashika ubavu. Glasi zote tatu zilikuwa na maji ya bomba.

"Baba Pacha," akasema akipangusa macho, "karafuu ni wewe. Hata mto wako unanuka karafuu. Unadhani hayo mafuta unayopaka mdomoni yametengenezwa na nini?"

Nikashika sharubu. Nikanusa vidole. Miaka kumi na tisa nimebeba kiwanda cha karafuu chini ya pua, na pua yenyewe imeizoea mpaka haiisikii, isipokuwa ninapoinamia glasi na kuvuta pumzi ndefu. Kila glasi niliyoinamia, nilijinusa mwenyewe.

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Kisha nikazikumbuka zile chupa mia tatu na sitini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema. Mimi sikusubiri kusifiwa, nilijisifu mwenyewe, na tembo sikutia maji, nilimwaga lote.

Mama Pacha aliacha kucheka aliponiona uso. Alileta wembe, na kikombe cha maji ya moto.

26 Aprili

Mdomo wa juu una baridi kama umetoka kuzaliwa. Pacha wangu walikataa kunisalimia, wakasema wanamsubiri baba arudi.

Nilimkuta Mpishi akipanga hopi mpya. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nimetafuta hata mzaha wa kuanzia. Vyote vilipotea. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Mafuta. Maji ya bomba. Kwamba tangi la kwanza sijui lilikuwaje, hakuna anayejua, kwa sababu nilimwaga. Kwamba la pili aliliua kwa sababu yangu.

Akaweka chini gunia la hopi. Nilijua atanifukuza, na nilikuwa tayari.

"Umebakisha ngapi?" akauliza.

Nikasema sita. Nne, kwa kweli.

"Kesho zilete. Na usije umepaka hata mafuta ya nywele."

27 Aprili

Nataka kuandika hili taratibu, maana sijawahi kuandika jambo kubwa hivi.

Tulikaa stoo, mlango wazi, mvua nje. Nilimimina glasi ikiwa imelala kidogo, kisha nikaisimamisha. Povu likapanda jeupe, zito, likasimama juu ya ukingo na halikuanguka. Chini yake dhahabu hafifu yenye ukungu, kama dirisha ambalo mtoto amelipumulia. Nilikuwa nimeitazama bia hii mara nyingi. Sikuwa nimeiona.

Nikaweka pua. Mpishi alishika kalamu lakini hakuandika, alinitazama midomo.

Kwanza ilikuja ganda la chungwa, lile la nje, linalorusha mvuke ukilikunja karibu na macho. Nikamwambia. Akasema, hopi. Nyuma yake majani yaliyokatwa mvua ikiwa bado iko juu yake. Hopi tena, akasema, zile za mwisho tulizotia bia ikiwa imepoa. Halafu kulikuwa na mkate, mbali, kama wa nyumba ya tatu. Halafu pilipili manga. Na karafuu, ndiyo, karafuu yenyewe ya haki, moja tu, imekaa pembeni kama mgeni mstaarabu anayejua saa ya kuondoka.

Nikaonja. Jamani. Ilikuja na utamu mdogo, ikaruka, vipovu vyake vidogo vikausugua ulimi kama brashi, na nilipomeza, uchungu ukafika. Nimeijua bia chungu inayokupiga kofi. Hii haikupiga. Ilifungua mlango taratibu, ikaingia, ikakaa, ikaniacha kinywa kikavu na safi na chenye hamu. Nilisubiri. Iliendelea kusema. Niliinua mkono ili Mpishi asinisemeshe, na tulikaa hivyo, watu wazima wawili, tukisikiliza kitu kilicho kinywani mwangu.

Nimesafiri nchi nne. Nimekunywa kwenye mnara ambao mji wote ulikuwa chini ya kiatu changu. Sikujua kwamba kimea, maua, maji, na vumbi la hamira vinaweza kupangwa hivi na mtu ninayemjua, anayevaa kandambili kazini.

Na mtu huyo alikuwa hajui alichokifanya mpaka nilipomwambia.

Alilia kidogo. Kisha akanikemea kwa kumwaga. Alinikemea vizuri, kwa mpangilio, akianzia na babu yangu.

29 Aprili

Tangi la tatu. Kila kitu kama la kwanza, shahidi ni daftari la Mpishi. Tuna siku thelathini na mbili. Tukikosea hakuna la nne.

30 Aprili

Mvua kubwa. Tangi kimya.

2 Mei

Umeme umekatika tangu jana asubuhi. Mtaro umefurika mpaka mlango wa gereji, hewa ni ya baridi ya kuvaa masweta mawili, na hamira inataka joto. Kipimajoto cha ukutani kinakula umeme, kimezima.

Leo nimeona kazi ya Mpishi na nimefunga mdomo. Alivua kandambili ili asikie sakafu ikitetemeka. Aliweka shavu kwenye tangi. Alihesabu vipovu vinavyotoka kwenye mpira uliozamishwa ndoo ya maji, kwa midomo, bila saa, kisha akaniagiza niangalie saa yangu: alikuwa amekosea sekunde mbili katika dakika nzima. "Nyuzi kumi na nane," akasema. "Inashuka. Ikifika kumi na saba italala, na ikilala haitaamka kwa raha."

Nikamtuma dereva nyumbani. Mama Pacha akaja naye kwenye lori, amekaa juu ya mablanketi yetu yote, la kitandani likiwa juu kabisa. Tulilivisha tangi kama bibi harusi. Tukachemsha maji kwenye jiko la gesi la dereva, tukajaza madumu, tukayapanga kuzunguka chini. Kila nusu saa Mpishi aliweka shavu lake, akasema neno moja. Bado. Bado. Saa nane mchana alinishika mkono akanivuta, akaniweka sikio kwenye chuma.

"Sikiliza. Imeamka."

Ndani kulikuwa na kitu kama watu wengi wanaonong'ona kwenye ukumbi kabla ya sherehe. Nilibaki na sikio pale mpaka likaungua.

Mama Pacha ameniuliza tutalalia nini leo. Nikamwambia, mapenzi.

5 Mei

Umeme umerudi. Kipimajoto kinasema ishirini na tatu. Mpishi alisema ishirini na tatu kabla hakijawaka.

12 Mei

Tumejaza chupa. Hamira kidogo imebaki ndani, itafanya kazi tena humo gizani na kutengeneza vipovu. Hakuna la kufanya ila kungoja.

15 Mei

Sharubu zinataka kurudi. Nimezinyoa.

19 Mei

Nimeonja moja. Ni nzuri. Sitaandika zaidi, naogopa.

24 Mei

Leo tumepanga hila. Huyo mama mwenye hoteli ana desturi ya kumwuliza mpishi mwenyewe ananusa nini kwenye glasi, mbele ya watu. Mpishi akijikanyaga, Bosi atajua. Basi mimi nitasimama nyuma ya mgeni kama mmiminaji. Nikigusa sikio, chungwa. Kidevu, majani. Kiwiko, pilipili manga. Tulifanya mazoezi mpaka dereva akaniuliza kama nina upele.

Mimi nilifurahia. Mpishi hakufurahia. Alirudia ishara zote bila kukosea, na kila mara sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

28 Mei

Mvua imepiga dakika kumi tu. Jua jioni. Msimu unafunga virago.

31 Mei

Mama Hoteli alifika saa tano na glasi yake mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mwanamke mfupi, mzito, asiyetabasamu bila sababu. Bosi alivuta kiti, akakivuta tena, akakaa mwenyewe kwa bahati mbaya, akasimama. Nilimhurumia. Nilimimina. Povu lilisimama.

Mama Hoteli alitazama, akanusa mara mbili fupi, akapumzika. Nikajua nimekutana na mtu wa dini moja. Alionja, akameza. Kisha akamgeukia Mpishi.

"Na wewe, mama, unanusa nini humu?"

Mimi nilikuwa tayari nyuma yake, mkono uko njiani kwenda sikioni. Mpishi alinitazama mara moja. Kisha akaiweka glasi yake mezani.

"Sinusi," akasema. "Mwaka umepita na zaidi. Iliondoka na homa. Pua iliyotumika ni ya huyu bwana aliyesimama nyuma yako, na mara ya kwanza ilitudanganya."

Bosi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Niliupeleka kichwani nikajikuna, maana ilibidi ufike mahali.

"Hunusi," Mama Hoteli akasema. "Sasa utajuaje ulichokipika?"

"Kwa nilichokifanya." Mpishi hakuharakisha. "Juu utakutana na chungwa na majani, hizo ni hopi, hata mtu asiyeonja sana atazipata. Nyuma pilipili manga, na karafuu moja. Hayo huyu bwana ameyaandika. Lakini kuna kitu hajaandika. Siku ya tatu umeme ulikatika, hamira ikashuka mpaka karibu ilale, kisha tukaipandisha haraka mpaka ishirini na tatu. Hamira hii ukiifanyia hivyo haiachi kulipa. Meza, funga mdomo, toa pumzi kwa pua. Hapo mwisho kabisa kuna tunda la pea. Limeiva mno, limebakiza siku moja lioze." Akaikunja mikono juu ya meza. "Kama halipo, nimekosea, na chumba ni cha maji."

Bia hii nilishaionja mara kumi na moja. Pea sikuiandika hata mara moja. Nikajimiminia kidogo bila kuomba ruhusa, nikameza, nikafunga mdomo. Chungwa. Uchungu. Ukavu. Nikatoa pumzi. Hakuna. Nikarudia, na Mama Hoteli naye alikuwa anarudia, amefumba macho, na Bosi naye, amekamata glasi kwa mikono miwili. Watu wazima watatu tunapumua kwa pua kama farasi, na yule asiyenusa amekaa anatutazama.

Mara ya tatu nilisubiri zaidi. Uchungu ulipomaliza kukaa, ulipokuwa unasimama kuaga, kikapita chini yake kitu laini, kitamu kidogo, cha ganda la kijani linalogeuka njano. Kikapita, kikaondoka.

Mama Hoteli alifumbua macho.

"Lipo," akasema. Akaifunga glasi yake kwenye kitambaa, akamwuliza Bosi kiwanda kinaweza kutoa kreti ngapi kwa mwezi, na kama anaweza kuongea na mpishi moja kwa moja bila kupitia kwake.

Bosi alimsindikiza mpaka gari. Aliporudi alisimama mlangoni na tope lake. Nilidhani atauliza kwa nini alifichwa. Alimwangalia Mpishi, akasema vile vibomba vya maji atavirudisha, na kwamba marehemu mama yake alikuwa haoni lakini hakuna aliyekunja shuka kama yeye. Kisha akaondoka haraka, kama aliyesahau kitu nyumbani.

Tukabaki wawili. Mpishi alikusanya glasi, akazipanga, akazipangua.

"Kaka," akasema, "nataka ukweli. Lipo kweli, au yule mama amenihurumia?"

Ndipo nilipojua kwamba hakuwa na hakika. Alikuwa amekiweka chumba chake chote mezani kwa tunda ambalo hakuwahi kulinusa, kwa sababu hesabu ya joto ilimwambia lipo.

"Lipo, dada," nikamwambia. "Linakuja mwisho, likiwa limechelewa. Lina ganda."

Akakaa juu ya kreti. Nje palikuwa pakavu kwa mara ya kwanza tangu Machi, na malori ya gereji yalikuwa yanajaribiwa moja moja. Akanisogezea chupa iliyobaki.

"Nianzie mwanzo," akasema. "Usiruke kitu."

Nikamimina. Nikaiacha ikae. Kisha nikaanza kumwambia, kwanza povu, na sauti yake likipanda.